Sura ya Nne: Wasichana 159, Walimu Watano

Mwezi Mei 1963, Central African Journal of Medicine lilichapisha ripoti fupi ya madaktari wawili: A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, mganga wa serikali mjini Bukoba. Ilihusu ugonjwa wa kucheka. Ripoti hiyo ndiyo iliyoipeleka Kashasha kwenye vitabu vya saikolojia, kwenye vipindi vya redio vya ng'ambo, na siku hizi kwenye kila orodha ya vituko vya dunia inayozunguka mtandaoni. Wengi huisoma, wakatabasamu, wakaendelea na mambo yao. Mimi imenikaa kichwani kwa sababu nyingine. Ili waeleze nani aliugua, madaktari walilazimika kwanza kusema nani alikuwapo. Na hivyo, pasipo kukusudia, wakatuachia sensa ya shule moja ya kati ya wasichana, wiki saba tu baada ya Uhuru. Bwenini walikuwamo wasichana 159. Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu.

Shule za namna hiyo ni nadra kutuachia hesabu zake. Rejista huliwa na mchwa, au hutupwa siku ofisi inapopakwa rangi. Ugonjwa ndio uliowaita madaktari, na madaktari, tofauti na sisi tunaosimulia, huhesabu.

Kashasha iko Muleba, kama maili 25 kutoka mjini Bukoba. Siku hizo Muleba ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Bukoba, na mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita vya Amin. Shule ilikuwa ya misheni, ya bweni. Jumanne, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Kwa mmoja kilidumu dakika chache, kwa mwingine saa kadhaa. Kikatulia, kisha kikarudi. Wapo waliosema kwamba kuna vitu vinazunguka vichwani mwao, wapo waliohisi wanafukuzwa na mtu. Aliyeshikwa ili atulizwe alipambana. Kufikia tarehe 18 Machi walikuwa wameugua 95 kati ya wale 159, na siku hiyo shule ikafungwa.

Hakuna aliyekufa. Damu ilipimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, chakula kikachunguzwa, isionekane sumu wala kijidudu. Mitaani watu walikuwa na maelezo yao, na moja linaonyesha jinsi Bukoba ilivyokuwa ikisikiliza redio: hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Miezi mitatu nyuma yake, Oktoba 1961, Wasovieti walikuwa wamelipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa. Kwa Kihaya ugonjwa uliitwa ugonjwa wa kucheka, na wengine waliuona ni wazimu tu.

Kisha madaktari wakaandika jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Waliougua walikuwa vijana, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18. Walimu watano hawakuguswa hata mmoja.

Tuanze na wanafunzi. Mpango wa elimu wa Tanganyika wa miaka ya 1950 uligawa masomo katika ngazi tatu za miaka minne minne: darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya msingi, la tano hadi la nane katika shule ya kati, kisha sekondari. Gawa 159 kwa madarasa manne, unapata kama 40 kwa kila darasa. Shule nyingine ya kati ya wasichana iliyoingia katika ripoti ileile, Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, ilikuwa na wanafunzi 154. Hesabu hizo mbili zinakaribiana mno kuwa bahati. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kawaida ya shule ya kati: mkondo mmoja, vyumba vinne vya madarasa, vitanda mia moja na hamsini hivi.

Umri ndio unaosema zaidi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka saba na kupanda bila kukwama angekuwa darasa la tano na miaka 11, la nane na miaka 14 au 15. Kashasha ilikuwa na wasichana wa miaka 18. Maana yake kuna walioanza shule wakiwa wakubwa, waliokaa nyumbani mwaka au miwili ada ikisubiri msimu wa kahawa, waliompisha kaka yao atangulie, waliorudia darasa. Bei ya kahawa, iliyokuwa juu katikati ya miaka ya 1950, ilikuwa imekwisha kushuka, na Buhaya ada ilitoka shambani, katika kibanja chenye migomba na mibuni. Kwa hiyo bweni moja lilimweka mtoto ambaye bado anacheza rede pamoja na mwali ambaye huko nyumbani posa yake ingeweza kuwa imeshazungumzwa. Mwalimu wa darasa la saba hakuwa na rika moja mbele yake.

Na wote walikuwa wamechujwa. Mtihani wa darasa la nne ndio uliokata wengi. Aliyefika shule ya kati alikuwa ameshawaacha wenzake wa kijijini. Mbele yake kulikuwa na chujio jingine la darasa la nane, lenye matundu madogo zaidi. Mwaka 1961 shule zote za Tanganyika, darasa la kwanza hadi la nane, zilikuwa na wanafunzi 486,470. Sekondari zilikuwa na 11,832. Kwa msichana wa Bukoba njia ilikuwa nyembamba kuliko hata hesabu hiyo inavyoonyesha, kwa kuwa Sekondari ya Wasichana ya Rugambwa ilikuwa bado haijafunguliwa, na sekondari za wasichana nchini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, nyingi safari ya siku kadhaa kutoka huku.

Wakati huohuo nchi ilikuwa ikiwaambia kwamba kila kitu kinawezekana. Januari 1962 sheria mpya ya elimu ilianza kutumika, ikafuta shule za kubaguana kwa rangi. Tarehe 22 mwezi huo, siku nane kabla ya wasichana watatu kuanza kucheka, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Rashidi Kawawa akachukua nafasi yake. Kila ofisi iliyokuwa ikiachwa na Mzungu ilimtaka Mwafrika aliyesoma, na hao waliosoma walikuwa wachache kiasi kwamba msichana wa darasa la nane alihesabika kuwa mtaji wa taifa. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyowachekesha. Christian Hempelmann, mtaalamu wa lugha aliyeandika juu ya tukio hili mwaka 2007, alisisitiza kwamba kicheko kile hakikuwa na uhusiano wowote na furaha wala mzaha, kwamba ilikuwa dalili ya msongo ulioenea katika kundi la watu waliobanwa pamoja. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba msongo huwa na anwani. Anwani ya huu ilikuwa bweni la watoto waliopewa ahadi kubwa kuliko nafasi zilizopo.

Sasa walimu. Gawa 159 kwa watano, unapata mwalimu mmoja kwa wanafunzi 32. Kwenye karatasi ni hesabu ya kuonewa wivu. Mpelekee leo mkuu wa shule yoyote ya kata Muleba, atakuuliza wanapatikana wapi. Lakini shule ya bweni haifungwi saa tisa alasiri. Watu watano wale walifundisha madarasa manne, wakasimamia chakula, wakasali na watoto, wakapima homa, wakazima taa, na usiku wakaamka mtu akilia. Wawili kati yao walikuwa wageni wa lugha. Kilio cha usiku, hata kwa mtu aliyesoma, hutoka kwa lugha ya mama.

Nimejiuliza sana kwa nini ugonjwa uliwaruka. Jibu la madaktari lilikuwa kwamba uliwapata vijana na watu wasio na elimu kubwa. Mimi naona kuna jambo jepesi zaidi. Mwalimu alikuwa na mshahara, alikuwa na mlango, na mwisho wa muhula alikwenda anakotaka. Kati ya watu wote 164 wa pale ni hao watano tu walioweza kusema kwamba wamechoka na wakasikilizwa. Katika ripoti nzima hakuna msichana hata mmoja anayenukuliwa akieleza hali yake. Tunajua idadi yao kwa usahihi, na hatujui chochote walichosema zaidi ya kwamba walihisi wanafukuzwa.

Shule ilipofungwa mwezi Machi, wasichana walipelekwa makwao, na hapo ndipo ripoti inapogeuka kuwa ramani. Baadhi ya wanafunzi wa Kashasha walitoka Nshamba. Mwezi Aprili na Mei, Nshamba yenye watu kama 10,000 ilipata wagonjwa 217, wengi wao vijana na watoto wa shule, wa kike na wa kiume. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wakaugua 57, ikafungwa tena mwisho wa Juni. Mwezi huo huo Ramashenye ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi wake 154, nayo ikafungwa. Msichana mmoja wa huko alirudishwa kwao, kijiji cha Kanyangereka. Ndugu zake wakaugua, kisha majirani, na shule mbili za wavulana za jirani zikalazimika kufunga milango.

Chora mistari hiyo kwenye ramani, utaona jambo ambalo hakuna afisa elimu aliyewahi kulichora: wanafunzi wa shule ya kati walitoka wapi. Shule ya msingi ilikuwa ya kijiji. Shule ya kati ilikuwa mali ya nusu ya wilaya, na kila msichana mmoja bwenini alikuwa ameunganishwa na ukoo mzima, kanisa, soko na shule nyingine za wadogo zake. Ugonjwa haukuruka hewani. Ulipanda basi pamoja na sanduku la shule, ukateremka kituo anachoteremka mwanafunzi.

Shule za kati zenyewe hazikudumu. Miaka michache baadaye darasa la nane lilifutwa, msingi ikawa ya miaka saba, na kipindi kile cha katikati kikamezwa. Mwaka 1969 sheria ilizichukua shule za mashirika ya dini na kuziweka chini ya serikali, na nafasi za sekondari zikaanza kugawanywa kwa mgao wa mikoa. Kwa mkoa uliokuwa umetangulia, wenye misheni ya Kashozi ya mwaka 1892 na seminari ya Rubya ya mwanzoni mwa karne, mgao huo ulikuwa mchungu. Mtoto aliyefaulu Bukoba angeweza kukosa nafasi ambayo mwenzake wa mkoa mwingine aliipata kwa alama za chini. Kama taifa nadhani ilikuwa haki. Kama mzazi wa Kamachumu ningenuna. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ifikapo 1977, na pamoja nalo walimu wa UPE, vijana wa darasa la saba waliofundwa vijijini huku wakifundisha. Waliwabeba watoto wengi mno kwa ujuzi mdogo. Ni rahisi kuwacheka leo, lakini bila wao hapangekuwa na mtu mbele ya ubao.

Halafu ikaja miaka ambayo rejista za Bukoba na Muleba zingeweza kusomwa kama daftari la misiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima wenye virusi walikuwa 24 kwa mia. Mwaka 1993 walikuwa 18 na ushei, mwaka 1996 walikuwa 13 na ushei. Ushukaji huo ni mojawapo ya mambo makubwa mkoa huu uliyoyafanya, na hauimbwi inavyostahili. Lakini waliokwisha kufa walikuwa wazazi wa watoto wa shule, na walikuwa walimu pia. Mwalimu wa miaka 30 mwenye mshahara wa kila mwezi alikuwa katika rika lilelile lililopigwa kuliko yote.

Hapa Kagera ina bahati ya ajabu katika balaa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, mara kadhaa. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale, wakawafuata hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Mwaka 2010 wakarudi tena. Ni sehemu chache Afrika ambako mtoto wa darasa la tatu aliulizwa maswali, kisha akatafutwa akiwa na miaka 30. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha waliofiwa na wasiofiwa. Mtoto aliyempoteza mama kabla ya kufika utu uzima alimaliza na pungufu ya karibu mwaka mmoja wa shule, na kimo pungufu kwa sentimita 2.

Mwaka mmoja na sentimita mbili. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa hilo katika miaka ya 1990 hakuwa na jedwali hilo, ila aliliona kwa macho: mstari wa mbele wenye watoto wafupi, safu ya jina la mzazi iliyojazwa jina la bibi, msichana anayefika saa tatu kwa sababu kuna wadogo wa kuogeshwa. Uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi ulibaki uleule. Kazi iliongezeka mara mbili.

Mrithi wa shule ya kati, kwa umri wa wanafunzi na kwa nafasi yake katika maisha ya kata, ni sekondari ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004. Kuanzia 2006, Edward Lowassa akiwa waziri mkuu, kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake. Wananchi walichimba misingi na kubeba mawe, na aliyekwepa alitozwa. Wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa 524,325 mwaka 2005. Miaka mitano baadaye walikuwa 1,638,699. Hakuna nchi inayoweza kuzalisha walimu kwa kasi hiyo. Serikali iliwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya mwezi mmoja na leseni, na watoto, ambao hawakosi jina, wakawaita voda fasta kwa kufananisha na vocha ya simu. Vyuo vikuu vishiriki vya DUCE na Mkwawa vilifunguliwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na baada ya miaka kadhaa walimu wenye shahada walianza kufurika, hasa wa historia, jiografia na Kiswahili.

Januari 2016, kwa Waraka Na. 5 wa mwaka uliotangulia, ada ya sekondari ya kutwa iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka ilifutwa. Watoto wakaja. Mwezi Juni mwaka huohuo ajira mpya serikalini zikasimamishwa. Septemba 10, saa tisa alasiri, tetemeko likaipiga Bukoba na jirani zake. Ihungo na Nyakato, shule kongwe ambazo zilikuwa zimezoea kupokea wageni, zilibomoka kiasi cha kufungwa. Aprili 2017 majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti vya kughushi yalisomwa, na walimu walikuwamo. Mwaka huohuo walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa walioonekana ni wa ziada walipelekwa kufundisha shule za msingi. Yote haya ndani ya miezi 18 au pungufu. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake, lakini aliyekuwa akipanga ratiba ya vipindi shuleni aliyapokea yote kwa pamoja.

Neno kubwa katika ofisi za elimu za halmashauri ni ikama: idadi ya walimu inayostahili kwa idadi ya wanafunzi. Ni chombo cha lazima, na ni chombo kinachodanganya kwa utulivu. Sekondari yenye walimu 18 inaweza kuonekana imekamilika, kumbe wanane ni wa historia na Kiswahili na hakuna hata mmoja wa fizikia. Anayeijaza nafasi hiyo ni kijana wa kujitolea, anayelipwa na michango ya wazazi pale wanapochanga, au mwalimu wa hisabati anayefundisha shule mbili kwa pikipiki yake mwenyewe.

Na Muleba si sehemu moja. Kamachumu, Nshamba na Rubya ziko kwenye upepo wa ukanda wa juu, migomba imeshonana, hospitali za misheni ziko karibu, umeme upo, na mwalimu anayepangiwa huko hupata nyumba ya kupanga na soko. Ukishuka kuelekea Kimwani, Nyakabango na Ngenge, darasa linabadilika: kuna watoto wa Kisukuma na Kihangaza, wa wafugaji na wakulima waliohamia, na Kihaya hakimsaidii mwalimu tena. Kisha kuna ziwa. Kata za Bumbile, Mazinga, Ikuza na Goziba ni visiwa. Huko wazazi wengi ni wavuvi waliotoka Ukerewe, Mara na Mwanza, na hufuata samaki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo mahudhurio ya wavulana yana uhusiano na mwezi ambao hakuna fomu ya takwimu iliyo na safu yake. Mtoto aliyeandikishwa Januari katika mwalo mmoja anaweza kuwa kisiwa kingine Juni, bila barua ya uhamisho. Kwenye rejista ni mtoro. Kwenye mtumbwi ni msaidizi wa baba yake.

Mwalimu mpya anayepangiwa kisiwani huvuka na boti, huangalia nyumba, huuliza bei ya maji na mtandao unashika wapi, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha ameandika barua. Sababu inayokubalika kuliko zote ni kumfuata mwenza; nyingine ni afya; nyingine ni kubadilishana kituo na mtu ambaye bado hajui anakokwenda. Siwalaumu. Mwaka 2016 wakuu wa shule za sekondari walianza kupewa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, jambo jema, lakini mwalimu wa kawaida wa Goziba na wa Bukoba mjini wenye daraja moja hupokea mshahara mmoja. Mpaka tofauti hiyo iwe ya fedha, au ya nyumba nzuri yenye umeme wa jua, ikama ya visiwa itaendelea kuwa ya barua za uhamisho. Takwimu za walimu waliopangiwa huwa zinapendeza kuliko za walimu waliopo.

Turudi kwa wasichana. Leo ni karibu nusu ya wanafunzi wa kidato cha kwanza nchini, na mara nyingine wanawazidi wavulana. Sekondari ya kata ni ya kutwa, na kata ni pana. Wanaotoka mbali hupanga vyumba, yale wanayoyaita mageto, wawili au watatu chumba kimoja, wakijipikia. Hakuna kengele ya kuzima taa wala mwalimu wa zamu. Kuna mwenye nyumba, na kuna bodaboda. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba alifukuzwa na habari yake ikaishia hapo, Waraka Na. 2 wa mwaka huo ukamruhusu kurudi. Kurudi kunahitaji mtu wa kumshika mtoto na mwalimu wa malezi anayejua kunyamaza. Mara kwa mara magazeti yetu bado huandika juu ya wasichana wa shule fulani, mkoa huu au ule, walioanguka kwa makundi wakipiga kelele darasani. Huitwa mapepo, mchungaji au shehe huitwa, shule hufungwa siku chache. Mtu aliyesoma ripoti ya mwaka 1963 huyatambua maelezo hayo mstari kwa mstari, umri kwa umri.

Kule kwenye ofisi za elimu za halmashauri, kinachofuata kinaitwa maoteo, yaani makadirio ya wanafunzi watakaokuja. Wilaya ya Muleba ilikuwa na watu 540,310 katika sensa ya 2012 na 637,659 katika ile ya 2022. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi hadi kidato cha nne. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kuishia darasa la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia wataishia la saba, mwaka huohuo. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, moja la wenye miaka 12, jingine la wenye miaka 13, na pamoja nao wale wa kila siku walioanza wamechelewa. Kidato cha kwanza kitakuwa na rika pana kuliko lilivyowahi kuwa tangu shule za kati zifutwe.

Vyumba vinaweza kupatikana. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabili UVIKO, nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, na Kagera ilipata yake. Walimu nao wapo. Serikali ilipotangaza nafasi 14,648 za ualimu, waombaji walizidi 200,000, na mwanzoni mwa 2025, kwa mara ya kwanza, waliitwa kwenye usaili. Wengi wa walioachwa walirudi walikotoka, na wengine wako katika sekondari za kata hivi sasa, wakifundisha kwa kujitolea somo lililokosa mwalimu. Katika ikama ya shule hizo hawahesabiwi.